Kwa nini baba hapasuliwi wiki hii? Jibu kuhusu saratani ya tumbo

SWALI: Shikamoo Daktari. Baba yangu ana miaka 61. Kwa zaidi ya mwaka alikuwa akitumia dawa za vidonda vya tumbo. Maumivu yanapungua, kisha yanarudi. Miezi mitatu iliyopita alianza kushiba kwa matonge machache tu, na amepungua sana mwili. Alipimwa kwa kamera, wakakuta kidonda kikubwa sehemu ya chini ya tumbo na kuchukua vinyama. Majibu yanasema: adenokasinoma, seli hazijakomaa, zipo seli zenye umbo la pete. Tulitegemea apasuliwe wiki hii hii. Badala yake ameandikiwa CT skani, kisha kuchunguzwa kwa kamera inayopitia kwenye matundu madogo ya tumbo, na tumeambiwa huenda akaanza na dawa za dripu kwa miezi miwili kabla ya upasuaji. Baadhi ya ndugu wanasema tunacheleweshwa. Wengine wanasema kule kuchukua kinyama ndiko kulikouamsha ugonjwa. Tufanye nini? Na je, baba tumwambie?

JIBU: Marahaba, na poleni sana. Nianze na hilo linalowanyima usingizi: kwa jinsi ulivyoeleza, baba yako hacheleweshwi. Hizo wiki za vipimo na hiyo miezi miwili ya dripu ni matibabu yenyewe, na zikirukwa, hata upasuaji uliofanywa na mikono bora kabisa unaweza kuwa wa bure. Nitakueleza kwa kirefu ili nawe uweze kuwaeleza ndugu zako.

Tuanzie kwenye karatasi ya majibu. Adenokasinoma ni saratani iliyoanzia kwenye seli zinazotengeneza ute na majimaji katika utando wa ndani wa tumbo. Zaidi ya 9 kati ya kila saratani 10 za tumbo ni za aina hii. Hizo chache zinazobaki ni magonjwa mengine kabisa. Ipo limfoma ya tumbo, yaani saratani ya chembe za kinga ya mwili, iitwayo MALT, ambayo mara nyingi hunywea kwa dawa za kuua bakteria tu. Upo pia uvimbe uitwao GIST, unaoota ndani ya ukuta wa tumbo na kutibiwa kwa upasuaji na vidonge vya imatinib. Kwa hiyo akitokea mtu kuwaambia kwamba fulani alipona saratani ya tumbo kwa vidonge peke yake, huenda anasema kweli, ila ugonjwa ule haukuwa huu wa baba yako. Ndiyo maana hakuna daktari makini atakayeanza tiba kabla ya kuona majibu ya kinyama.

"Seli hazijakomaa" maana yake ni kwamba zikitazamwa kwa hadubini, zimepoteza sura na mpangilio wa seli za kawaida za tumbo. Seli za namna hii huwa na kasi. "Umbo la pete" ni kwa sababu ute umejaa ndani ya seli hadi ukakisukuma kiini pembeni, na seli ikaonekana kama pete yenye kito. Mwaka 1965 mtaalamu wa patholojia wa Finland, Pekka Laurén, alizigawa saratani hizi katika makundi makubwa mawili: zile zinazojijenga kuwa uvimbe wenye umbo, na zile ambazo seli zake zimetawanyika moja moja na kutambaa ndani ya ukuta wa tumbo. Seli za pete ni za kundi la pili. Hilo lina maana mbili kwa baba yako. Kwanza, mpaka wa ugonjwa unaweza kuwa mbali kuliko ule unaoonekana kwa kamera. Pili, aina hii hupenda kusambaa kwenye utando unaofunika viungo vilivyo ndani ya tumbo. Shika hilo la pili, maana ndilo linaloeleza kwa nini ameandikiwa kile kipimo cha matundu.

Sasa hili la kinyama kuamsha ugonjwa. Nimelisikia kwa miaka mingi na naelewa linatoka wapi: mtu anakwenda kupimwa akiwa anatembea, na miezi miwili baadaye yuko kitandani. Lakini vile vinyama huchukuliwa kwa ndani kupitia mdomoni, kila kimoja kina milimita chache tu, na ugonjwa ulikuwa umeshaanza zamani kabla ya hapo. Alianza kushiba haraka na kupungua mwili kabla hajaguswa na kamera. Ningewalaumu kama wangechukua kinyama kimoja tu. Kwa kidonda kinachotiliwa shaka inatakiwa vichukuliwe 6 hadi 8, kutoka kingo zote, kwa sababu kwenye aina hii inayotambaa chini ya utando, kimoja au viwili vinaweza kukosa seli za saratani na familia ikarudi nyumbani ikishangilia bure. Mtu akiambiwa "hakuna saratani" wakati kidonda chenyewe kinatisha kwa macho, kipimo hurudiwa.

Hukuuliza moja kwa moja kuhusu ule mwaka wa dawa za vidonda, lakini nahisi linakuuma. Dawa kama omeprazole hupunguza asidi. Asidi ikipungua, hata kidonda cha saratani kinaweza kufunikwa juu juu na ngozi mpya, maumivu yakatulia, na kila mtu akaamini dawa imefanya kazi. Baba alipata nafuu ya kweli, ila kilichotulia hakikuwa ugonjwa wenyewe. Msijilaumu. Kwa wasomaji wengine nasema hivi: kiungulia au maumivu ya chembe ya moyo yanayokuja pamoja na kupungua mwili, chakula kukwama, kutapika kila mara, choo cheusi kama lami, upungufu wa damu usioelezeka au kushiba mapema yanahitaji kamera haraka, si pakiti nyingine ya dawa. Na kidonda kilichoonekana ndani ya tumbo lenyewe kichukuliwe vinyama, kisha kitazamwe tena baada ya wiki 8 hivi kuhakikisha kimefunga kabisa.

Turudi kwenye swali lenu kubwa. Kwa nini wasikate leo?

Ukuta wa tumbo una tabaka. Kwa ndani kabisa kuna utando wenye ute, chini yake tabaka laini lenye mishipa, kisha misuli, na mwisho kifuniko chembamba cha nje. Saratani huanzia ndani na kuchimba kwenda nje. Ikiwa bado iko kwenye utando wa kwanza, inaweza kutolewa kwa kamera ileile, bila kupasua, na katika nchi zenye uzoefu mkubwa kama Japani zaidi ya wagonjwa 90 kati ya 100 wa hatua hiyo huwa hai miaka 5 baadaye. Ikifika kwenye misuli na kuivuka, mambo hubadilika, maana huko imeshakutana na mishipa ya damu na mishipa ya limfu (ile inayobeba majimaji ya kinga ya mwili) ya kutosha kuisafirisha. Kidonda kikubwa kinachomfanya mtu ashibe mapema kwa kawaida kimeshafika huko.

Ndipo vipimo vinapokuja, na kila kimoja kina swali lake. CT skani ya kifua, tumbo na nyonga inauliza: je, ini, mapafu au tezi za mbali zimeguswa? Kamera yenye mawimbi ya sauti, ambayo mnaweza kuongezewa, inauliza kina cha ugonjwa ukutani. Ile ya matundu madogo, laparoskopia, inauliza swali ambalo CT hushindwa kulijibu vizuri: je, kuna vipele vya saratani vya milimita chache vilivyotawanyika kwenye ule utando wa ndani ya tumbo? Daktari hutazama kwa macho, kisha humwaga maji ya chumvi yaliyotakaswa, huyavuta na kuyapeleka maabara kutafuta seli. Mara kwa mara tunakuta mgonjwa ambaye CT yake ilikuwa safi kabisa ana vipele hivyo. Huyo, kumwondoa tumbo siku hiyo kungemwongezea kidonda kikubwa na wiki nyingi za udhaifu bila kumwongezea maisha. Utafiti uitwao REGATTA, uliochapishwa mwaka 2016, uliwalinganisha wagonjwa ambao ugonjwa wao ulikuwa umesambaa: waliotolewa tumbo kisha wakapewa dawa hawakuishi zaidi ya waliopewa dawa peke yake.

Kuna kisa ninachopenda kuwasimulia wanafunzi. Tarehe 29 Januari 1881, huko Vienna, daktari wa upasuaji Theodor Billroth alimtoa mwanamke wa miaka 43 sehemu ya chini ya tumbo iliyokuwa na saratani, akaunganisha sehemu zilizobaki. Ilikuwa mara ya kwanza kwa upasuaji wa namna hiyo kufanikiwa. Mgonjwa aliamka, kidonda kikapona, akala. Baada ya miezi kama minne alifariki, kwa sababu ugonjwa ulikuwa umeshatangulia mbele ya kisu. Tangu siku hiyo mafundi wa kukata wameongezeka na mbinu zimeboreshwa sana, lakini kisu bado hakifiki kwenye seli zilizokwishaondoka.

Dripu ndiyo inayozifuata hizo. Mwaka 2006 utafiti wa Uingereza uitwao MAGIC ulionyesha kwamba wagonjwa waliopasuliwa tu, 23 kati ya 100 walikuwa hai baada ya miaka 5. Waliopewa dawa kabla na baada ya upasuaji walikuwa 36. Mwaka 2019 Wajerumani wakaja na mchanganyiko wa dawa nne unaoitwa FLOT, na nusu ya wagonjwa wakaishi zaidi ya miezi 50, ikilinganishwa na miezi 35 kwa mchanganyiko wa zamani. Huo hutolewa kila baada ya wiki 2, mara nne kabla ya upasuaji na mara nne baadaye. Miezi miwili mliyoambiwa inalingana na mpango huo.

Ndugu watauliza: kama dawa ni nzuri, si apasuliwe kwanza kisha apewe zote baadaye? Hapa nakuomba usome taratibu. Katika tafiti zote mbili hizo, chini ya nusu ya wagonjwa walimaliza dozi zote zilizopangwa, na sehemu kubwa ya zilizokosekana ni zile za baada ya upasuaji. Mtu aliyetolewa tumbo hali vizuri, amepungua kilo nyingi, hana nguvu. Wengi hawaziwezi tena. Dawa zinazotolewa kabla zinamkuta akiwa na tumbo lake na nguvu zake. Zinaupunguza uvimbe ili utoke wote na kingo safi. Tena zinatuonyesha kama ugonjwa unasikia dawa au la. Zipo nchi za Asia ya Mashariki ambako kwa muda mrefu wamezoea kupasua kwanza na kutoa dawa baadaye, na matokeo yao ni mazuri, lakini wagonjwa wao wengi hugunduliwa mapema. Kwa mtu mwenye hali kama ya baba yako, kama angekuwa wangu, ningeanza na dripu.

Ningeacha mpango huo kwa sababu chache. Kama anavuja damu nyingi isiyozuilika, au njia ya kutokea tumboni imeziba kabisa hata maji hayapiti, kwanza inatafutwa njia ya kuokoa hali hiyo: upasuaji, bomba la wavu la kuipanua njia, au mionzi ya kukausha damu. Kwa kuwa kidonda chake kiko sehemu ya chini, akianza kutapika chakula cha jana yake, msisubiri tarehe ya kliniki.

Jambo la kudai sasa hivi, bila aibu: vinyama vilevile vilivyochukuliwa vipimwe alama za ugonjwa. Alama ya HER2 hupatikana kwa takriban mgonjwa 1 kati ya 5 au 6, na akiwa nayo na ugonjwa ukawa umesambaa, dawa iitwayo trastuzumab huongezwa kwenye dripu. Kabla yake moyo hupimwa. Alama ya MSI huonyesha saratani ambayo seli zake zimeshindwa kurekebisha makosa ya vinasaba. Hizo mara nyingi haziitikii vizuri dripu za kawaida lakini huitikia sana dawa za kuamsha kinga ya mwili, kama pembrolizumab na nivolumab, kwa hiyo mpango mzima unaweza kubadilika. PD-L1 nayo husaidia kujua nani atafaidika na dawa hizo. Tangu mwaka 2024 ipo pia zolbetuximab, kwa wenye alama ya klaudini 18.2. Si hospitali zote zenye vipimo na dawa hizi, na si wagonjwa wote wanaozihitaji. Ulizeni: "Vinyama vya baba vimepimwa HER2 na MSI?" Swali moja, linajibika.

Zile alama za damu, CEA na CA 19-9, msizipe uzito mkubwa. Zinaweza kuwa za kawaida kwa mtu mwenye saratani kubwa, na kupanda kwa mtu asiye nayo.

Upasuaji wenyewe utategemea mahali. Kwa kidonda cha chini mara nyingi hutolewa sehemu ya chini ya tumbo, na kipande cha juu kinaunganishwa na utumbo mwembamba. Lakini kwa sababu ya zile seli zinazotambaa, daktari anaweza kulazimika kutoa tumbo lote, na umio ukaunganishwa moja kwa moja na utumbo. Tezi za limfu zinazozunguka mishipa ya tumbo nazo hutolewa. Tunataka angalau 16 zifike maabara, maana idadi ya zilizoguswa ndiyo inayotuambia ukweli wa hatua. Ulizeni pia hospitali hufanya upasuaji huu mara ngapi kwa mwaka. Hili si swali la dharau. Wanaoufanya mara nyingi wana matokeo bora, na kama kuna kituo kikubwa zaidi mnakoweza kupelekwa, safari hiyo ina thamani.

Watu huniuliza kwa mshangao kama mtu anaweza kuishi bila tumbo. Anaweza. Utumbo mwembamba hujifunza kupokea chakula, ila kwa kiasi kidogo kidogo, mara 6 kwa siku badala ya 3. Akila vitu vitamu sana kwa pupa, chakula hukimbilia utumbo na yeye akatokwa jasho, moyo ukaenda mbio, akahisi kuzimia. Hali hiyo hupungua anapojifunza kula taratibu, sukari kidogo, na kunywa kando na chakula. Aliyetolewa tumbo lote atahitaji vitamini B12 maisha yake yote, kwa kawaida kwa sindano, kwa sababu kinachosaidia mwili kuifyonza hutengenezwa tumboni. Madini ya chuma nayo yafuatiliwe.

Kazi yenu kuanzia leo ni uzito wake. Mgonjwa anayeendelea kukonda hupunguziwa dozi, huchelewa kupona kidonda na hupata maambukizi. Mpeni chakula laini chenye nguvu na protini, kidogo kila saa mbili au tatu, na mwombe aonwe na mtaalamu wa lishe kabla ya dripu ya kwanza. Kama hawezi kabisa kumeza cha kutosha, kulishwa kwa mrija kwa muda si dalili ya kukata tamaa. Kama anavuta sigara, hii ndiyo siku ya kuacha, kwa ajili ya mapafu yatakayopewa dawa ya usingizi. Na dripu zikianza, nunueni kipimajoto: homa ya 38 au zaidi ni ya hospitali usiku huohuo, hata kama anaonekana mzima, maana chembe nyeupe za damu huwa zimeshuka. Vidole vyake vinaweza kufa ganzi na kuchomachoma akigusa vitu vya baridi. Amwambie daktari mapema, ili dozi irekebishwe kabla hali hiyo haijawa ya kudumu.

Kama laparoskopia itakuta ugonjwa umesambaa, nisikufiche, lengo litabadilika: dawa zitatolewa kurefusha maisha na kupunguza mateso, na kupona kabisa hakutatarajiwa. Hata hapo kuna mengi ya kufanya. Waiteni wataalamu wa tiba shufaa, yaani ya kumpunguzia mgonjwa mateso, mapema, si wiki ya mwisho. Maumivu, kichefuchefu na hofu vina dawa zake.

Kuhusu kumwambia baba. Nimeona familia nyingi zikificha kwa upendo, na karibu kila mara mgonjwa alikuwa ameshajua: anasoma nyuso zenu, anasikia mnavyonyamaza akiingia. Mtu atakayewekewa dripu na kupasuliwa tumbo ana haki ya kujua ni kwa nini, na bila hivyo hata ridhaa yake haina maana. Anzeni kwa kumuuliza: "Baba, ungependa kujua kiasi gani kuhusu majibu yako?" Wengine watasema waambiwe yote, wengine watasema mwambieni mwanangu mkubwa. Lolote atakalosema, lifuateni. Awepo daktari wake, aketi, na mtaje saratani kwa jina lake, kisha mwelezeni mpango. Hatua kamili mtakuwa hamjaijua mpaka vipimo viishe, na hilo nalo mwambieni hivyohivyo.

Mwisho, nanyi watoto. Chanzo kikubwa cha saratani hii ni bakteria aitwaye Helicobacter pylori, aliyegunduliwa na Barry Marshall na Robin Warren wa Australia, wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Huambukizwa zaidi utotoni, ndani ya nyumba moja, na huweza kukaa tumboni miaka mingi akiudhoofisha utando taratibu. Wengi wenye bakteria huyu hawapati saratani, lakini mtoto au ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa ana sababu nzuri ya kupimwa, kwa pumzi au kwa choo, na akikutwa naye atibiwe. Iwapo katika ukoo wenu kuna wengine waliopata saratani ya tumbo, hasa wakiwa vijana, au wanawake waliopata ile ya titi inayoitwa ya lobula, mwambieni daktari, kwa kuwa kuna hitilafu ya kurithi ya jeni la CDH1 inayoleta aina hii yenye seli za pete. Mkienda kupima bakteria, acheni omeprazole na ndugu zake wiki 2 kabla, na dawa za kuua bakteria wiki 4 kabla, la sivyo kipimo kinaweza kusema hayupo na kumbe yupo.